Laibrari Siitoi

Mdogo wangu ana kiburi. Nalisema mwenyewe, dada yake wa tumbo moja, ili asije akatokea mtu wa nje akajifanya ndiye aliyeligundua. Toka utotoni, ukimwambia aombe radhi kwa kosa asilolifanya, atakaa kwenye kona na njaa yake mpaka nyumba nzima imwombe radhi yeye. Na ukimshika na kosa lake kweli, wala huhangaiki. Atakutazama usoni, atasema "ni mimi," halafu atasubiri adhabu. Mama alikuwa akilalamika kwamba huyu mtoto hajui kujitetea panapotakiwa wala kunyamaza panapotakiwa, na mpaka leo sijaona alipobadilika.

Kazini wanamwita Kipini, kwa sababu ya kile kipini cha puani asichokivua hata kwa dawa. Tunafanya kazi mahali pamoja, kwenye kituo cha kusafisha damu za watu ambao figo zao zimegoma. Mimi ni muuguzi msimamizi wa ukumbi. Yeye ni mtu wa programu, peke yake, ndani ya kijichumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Mpaka leo ukiingia mle kunanuka sabuni ya kufulia.

Ukumbi wetu una viti vya kuegemea pande zote mbili, kila kiti na mashine yake. Mtu anakaa pale saa nyingi, mrija mmoja unatoa damu, mwingine unairudisha. Akimaliza, mashine inaoshwa ndani kwa dawa kali, kisha inasuuzwa kwa maji mpaka dawa iishe kabisa. Sasa shida ni kwamba mashine yenye dawa na mashine safi, ukizitazama kwa nje, ni zilezile. Ukimuunga mtu kwenye ile yenye dawa, unamtia sumu kwenye damu. Sina lugha laini ya kulisema hilo.

Ndiyo maana mezani kwangu kuna skrini. Juu inaonyesha mashine ngapi ziko tayari. Katikati pana mchoro wa ukumbi mzima, na pembeni ipo orodha ya wagonjwa wanaosubiri, kila mmoja na mashine aliyopangiwa. Fundi wa mashine anabonyeza kwenye simu yake, "inasafishwa" au "tayari," na mimi naona mezani.

Kabla Kipini hajaja, skrini ile ilikuwa balaa. Orodha ikisema tayari, mchoro unasema bado, na ile hesabu ya juu ina mawazo yake binafsi. Nilikuwa napaza sauti ukumbi mzima, "Jamani, ya dirishani vipi?" na fundi ananijibu kwa kupaza sauti kutoka chumba cha maji. Wagonjwa walijua ratiba yetu kuliko sisi.

Kipini alipoajiriwa aliweka kiti cha plastiki nyuma yangu, akakaa, akatazama. Mimi nikaona ananipotezea hewa tu.

"Dada," akaniambia siku moja, "huu ukurasa wa skrini yako una vichwa vitatu, hesabu, mchoro na orodha, na kila kichwa kina kumbukumbu yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka kumbukumbu iwe moja. Vichwa vyote viulize palepale."

Akaleta laibrari ndogo ya kutunza hali ya ukurasa. Laibrari, kwa jinsi alivyonieleza, ni msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na watu wengine ukaachwa wazi bure ili wewe usianze kukuna kichwa upya. Hii yake kazi yake ni moja tu: inashika habari zote mahali pamoja, na habari ikibadilika inavishtua vipande vya ukurasa vinavyoihitaji. Basi. Haina mbwembwe.

Meneja hakuipenda. Si mtu mbaya meneja wetu, ila anapenda vitu vikubwa: meza kubwa, gari kubwa, salamu ndefu. Alitaka ile laibrari kubwa inayotumiwa na makampuni yenye majina.

"Ile ni nzuri," Kipini akamwambia. "Lakini sisi ni ukumbi mmoja. Hii nimesoma msimbo wake wote, mwanzo mpaka mwisho, chai haijapoa. Ikinisumbua najua pa kuikamata. Na inafunguka hata kwenye simu ya fundi, ile yenye kioo kilichopasuka."

Meneja akakubali kwa mdomo. Moyoni alikuwa bado ananuna, na tulimwona.

Na ikafanya kazi, bwana! Fundi akibonyeza, vichwa vyote vitatu vinasema neno moja. Sauti yangu ikapumzika. Wagonjwa wakalalamika kwamba ukumbi umepoa, hakuna tena burudani. Mdogo wangu akatembea na pua juu na kile kipini chake, nikamwachia, kwa sababu alistahili.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Aliyekuwa anasubiri ni Kinyozi, mtu mmoja mwenye maneno mengi na utani usiokwisha, ambaye ana duka la kunyolea mtaa wa nyuma. Orodha ikaniambia: Kinyozi, mashine ya dirishani, tayari. Nikamkalisha. Akakunja mkono wa shati huku ananitania kwamba nywele zangu zinamtia aibu mbele ya wateja wake.

Mimi nina desturi yangu. Skrini iseme itakavyo, simuungi mtu kabla sijachovya kijikaratasi cha kupimia kwenye maji yanayotoka kwenye mashine. Wenzangu hunicheka, eti Dada Mkubwa haamini hata ukuta. Nikachovya. Kijikaratasi kikageuka rangi.

 Sindano ninayo mkononi, mkono wa mtu uko wazi mbele yangu. Kutoka mwisho wa ukumbi fundi akapiga kelele, "Hiyo bado! Nimeibonyeza kitambo, naiosha upya!" Nikageukia skrini. Mchoro ulisema inasafishwa. Orodha, hapohapo pembeni yake, ilisema tayari.

"Mbona umenyamaza?" Kinyozi akauliza. "Wewe ukinyamaza mimi naogopa."

Ningeweza kumdanganya. Maneno yalinijia mdomoni, kitu kidogo kimetokea, usijali, hamia kiti kile. Sikuweza. "Mashine ina dawa ndani," nikamwambia. "Nisingepima, ningekuunga."

Hakutania tena. Niliushika mkono wake kumsaidia kuhama kiti, nao, mkono unaoshika kiwembe shingoni mwa watu kutwa nzima, ukaning'ang'ania. Nilijisikia vibaya mno, kisha nikajisikia hasira, na hasira nilijua pa kuipeleka.

Niliingia kwenye kile kijichumba kama moto. Nilimtolea uvivu mdogo wangu, nikasema niliyokusudia na nisiyokusudia.  Yeye alishafungua msimbo, macho yanakimbia. Halafu yakasimama.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Jana fundi aliomba kitufe cha kuosha mashine upya. Nikakiandika harakaharaka kabla ya kutoka." Akavuta pumzi. "Dada, hii laibrari inaangalia jambo moja tu: umeniletea kifurushi kipya cha habari, au ni kilekile? Kikiwa kipya, inawashtua wote. Kikiwa kilekile, hainyanyui hata kichwa. Vitufe vingine vyote vinaleta kifurushi kipya. Kwenye hiki, mimi nilifungua kifurushi cha zamani, nikabadilisha kilichomo, nikakirudisha. Haikumshtua mtu."

"Mbona mchoro uliona?"

"Mchoro una saa za kuhesabu muda wa wagonjwa, kila dakika unajichora upya wenyewe. Ukachungulia ndani ya kifurushi kwa bahati yake. Orodha haina saa. Ilikuwa inasubiri kuitwa, na mimi sikuiita."

Kosa la mstari mmoja. Nilitaka kumpiga kibao na kumkumbatia, sikufanya lolote kati ya hayo. Akaurekebisha ule mstari hapohapo. Tukamwita fundi, tukajaribu kwa mashine tupu, bonyeza, futa, bonyeza tena, mpaka mimi mwenyewe, nisiyeamini ukuta, nikaridhika.

Mchana meneja akatuita sisi wawili ofisini. Tulimkuta na mshauri wa kompyuta kutoka nje, kijana mpole mwenye miwani. Kipini akaeleza yote kama alivyonieleza mimi. Meneja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu tabasamu la kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Tusikuze mambo," akasema. "Kesho nitawatangazia wagonjwa kwamba ile programu ndogo ya bure ilishindwa kazi, tumeitoa, tunaleta kubwa. Hakuna atakayeumia. Unaona ninavyokulinda?"

"Haikushindwa," Kipini akasema. "Nilishindwa mimi."

"Mtoto, ninakupa mlango wa kutokea."

Kipini akamgeukia mshauri. "Kaka, kwenye ile kubwa, nikibadilisha kilichomo ndani ya kifurushi kilekile, itajua?"

Mshauri akavua miwani, akaifuta. "Hivihivi tu, haitajua," akasema. "Ila ina vifaa vya kukukamata mapema ukikosea hivyo."

"Hapo umesema kweli, na hicho ndicho nilichokosa. Hata kwenye hii naweza kuweka: kifurushi kikishawekwa kinagandishwa kisibadilishwe, anayegusa ndani anapigiwa kelele palepale. Leo hii naweka. Lakini laibrari siitoi kwa kuisingizia."

"Sijaomba darasa!" Meneja akapiga meza. "Kesho utasimama pembeni yangu, utanyamaza. Ukinyamaza, una kazi. Ukifungua mdomo, huna. Kuna lugha nyingine unaielewa zaidi?"

"Hiyo nimeielewa," Kipini akasema, akatoka.

Jioni ile nyumbani nilimwomba anyamaze. Sifichi. Tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta, Mama amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Nilikuwa na hofu. Kazi kama ile hazipatikani kwa kuokota, na najua jinsi mtu aliyefukuzwa kwenye kituo cha wagonjwa anavyoangaliwa anapoomba pengine. Nikamwambia aisingizie hiyo laibrari, kwani yenyewe ina mama wa kulia? Itaumia wapi?

Akaweka sahani chini. "Wewe ulimdanganya Kinyozi?"

"Usinichanganyie mambo."

"Ulimdanganya?"

"Hapana."

"Basi unaniombea nini? Dada, sikia. Wakileta ile kubwa, siku moja atakuja mtu mwenye haraka kama mimi, atafungua kifurushi kilekile, itatokea vilevile. Na kila mtu atasema haiwezekani, tatizo tulishalitoa. Wataangalia kila mahali isipokuwa penyewe. Wewe utachovya kikaratasi. Siku uko likizo je?"

 Nikamgeukia Mama anisaidie.

"Mwache," Mama akasema bila kuinua macho kwenye mboga. "Mimi nilishindwa akiwa na meno ya utoto. Wewe leo utaweza wapi?"

Kesho yake meneja akaja ukumbini na karatasi yake. Alichagua wakati viti vyote vimejaa, kila mtu ameshaungwa, mirija mikononi. Nilifikiri moyoni, huyu kachagua wasikilizaji wasioweza kuinuka. Mshauri akasimama mlangoni. Kipini akasimama pembeni ya meneja kama alivyoagizwa, mikono nyuma.

Meneja akasoma vizuri, ana sauti nzuri. Akasema kituo kinasikitika. Akasema uchunguzi umeonyesha kwamba programu ndogo, ya bure, isiyo na kampuni nyuma yake, ilishindwa kutoa taarifa sahihi...

"Si kweli," Kipini akasema.

Hakupaza sauti. Meneja akaendelea kusoma kana kwamba hakusikia.

"Jamani, si kweli hiyo. Programu ilifanya nilichoiambia. Mimi niliiambia vibaya. Aliyekosea ni mimi hapa, na jana nimerekebisha."

 Meneja akakunja karatasi polepole, akanigeukia mimi. "Muuguzi msimamizi, wewe ndiye mkubwa hapa, na ulikuwepo. Waambie hawa watu. Programu ilishindwa au haikushindwa?"

 Kichwani nilimwona Mama na mboga zake. Niliiona kazi yangu mwenyewe, maana nayo sasa ilikuwa mezani, na macho ya meneja yalinihakikishia hilo. Nikamtazama mdogo wangu. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa anatazama mbele tu, amejikaza kisabuni. Hapo hofu yangu yote ikageuka hasira, na hasira, Mungu ni shahidi, mimi naiweza.

"Haikushindwa," nikasema. "Alikosea mdogo wangu, na aliniambia mwenyewe kabla sijamaliza kumtukana. Wewe ndiye unayetaka niseme uongo mbele ya watu ninaowachoma sindano. Sisemi! Mimi nikianza kuwadanganya hawa, kesho nitamwambiaje mtu anyooshe mkono?"

Meneja akawa mwekundu wa macho. Lakini hakunijibu mimi. Akamnyooshea Kipini kiganja. "Kitambulisho. Kuanzia sasa huna kazi hapa."

Kipini akakivua shingoni. "Sawa," akasema, na machozi yalikuwa yanashuka wazi, wala hakuyafuta. "Mkitaka kuitoa laibrari, itoeni. Semeni mnapenda kubwa, ni haki yenu. Ila msiseme ilikaribia kumdhuru mtu. Aliyekaribia kumdhuru anajulikana, ni mimi."

Akampa. Akageuka aende akachukue mkoba wake.

"We meneja," sauti ikatoka kwenye kiti cha dirishani. Ni Kinyozi. Amekaa kwenye mashine ileile, mkono umenyooshwa, damu inakwenda na kurudi. "Hiyo damu iliyokuwa itiwe dawa ilikuwa ya nani?"

Meneja akasita. "Yako, mzee wangu, na ndiyo maana..."

"Basi nina swali. Huyu umemfukuza kwa kukosea, au kwa kusema?"

Meneja akaanza kuikunjua tena karatasi yake.

"Maana jana alikosea, na jana alilala na kazi yake. Leo amesema, na leo hana." Kinyozi hakuwa na tabasamu hata la dawa. "Sasa kesho atakosea mwingine. Binadamu ni binadamu, mimi mwenyewe nimeshakata masikio ya watu. Huyo wa kesho, akikumbuka ya leo, atasema nini?"

Akawatazama wenzake vitini, mmoja mmoja.

"Atanyamaza," akajijibu mwenyewe. "Na mimi nitakuwa hapahapa, nimefungwa mirija, siwezi hata kukimbia."

Bibi mmoja kiti cha pili akasema, "Kweli." Mwingine upande wa pili akasema, "Mjibu, meneja." Kisha wa mwisho kabisa, ambaye siku zote hulala tangu kuungwa mpaka kutolewa, akafungua macho akasema, "Tunasubiri." Watu waliofungwa kwenye viti, hawana pa kwenda, na meneja ambaye mlango uko wazi nyuma yake ndiye aliyeonekana amenaswa. Akamtazama mshauri pale mlangoni, pengine akitafuta msaada. Mshauri akatazama viatu vyake.

 Mwishowe meneja akakiweka kile kitambulisho juu ya meza yangu. Mkononi mwa Kipini hakukitia, mwanamume yule naye ana kiburi chake. "Taarifa itaandikwa upya," akasema, akatoka.

Kipini alikuwa amefika mlangoni. Akarudi, akakichukua kitambulisho, akakivaa, akajifuta uso kwa kiganja. "Taarifa naiandika mimi," akanifokea, kana kwamba mimi ndiye niliyemkatalia. Akaiandika akiwa amesimama kwenye meza yangu, wagonjwa wote wanamtazama, akaweka jina lake kamili na la baba, akaibandika mlangoni mahali ambapo hakuna anayeingia bila kuisoma.

Ilikuwa na mistari michache. "Jana mashine yenye dawa iliandikwa kuwa iko tayari. Aliyekosea ni mimi. Nimerekebisha, na nimeweka ulinzi. Laibrari inabaki, na mimi nabaki. Mkiona kitu hakieleweki kwenye skrini, niiteni mimi."